Naombeni dawa nzuri ya kuongeza damu kwa mtoto wa miaka 9 (nipo Masasi)

Mama wa Chikundi:
Habari zenu wana jukwaa. Nina mwanangu wa kiume, miaka 9, yupo darasa la pili, alichelewa kuanza. Tangu mwezi wa nane anachoka mno. Akitoka shule anajitupa kwenye mkeka hata viatu havui. Wenzake wakipita kumwita wakaokote mabibo anageukia ukutani. Rangi nayo imebadilika, amekuwa mweusi wa kufifia, si ule weusi wake. Nampa juisi ya rozela asubuhi na jioni, mchicha, maini nikipata, na siropu ya madini ya chuma. Siropu imeisha, na muuza duka ananiambia ipo kali zaidi, ya elfu 18. Niinunue hiyo au kuna nyingine mnayoiamini? Usiku silali.

Korosho Ghafi:
Pole sana dada. Achana na madukani. Matembele chemsha, yale maji yake anywe ya uvuguvugu. Mke wangu mimba ya kwanza, tukiwa Tandahimba, damu ilishuka mpaka akawa anaanguka njiani. Mama mkwe akaja na kapu la matembele, akakaa kwangu miezi mitatu. Mtoto alizaliwa na kilo 3 na nusu, sasa hivi yupo kidato cha pili na anacheza beki timu ya shule.

Mwalimu Mstaafu:
Mzazi, umempa dawa ya minyoo? Safura inanyonya damu taratibu na huku kwetu watoto wanacheza peku. Tena niseme ukweli, msimu wa korosho wazazi tunashinda shambani na kwenye minada, mtoto anajipikia mwenyewe. Nimefundisha Nachingwea na Masasi miaka mingi, hili nimeliona kila mwaka.

Nesi wa Newala:
Mama, kabla hatujafika kwenye siropu. Damu yake imepimwa ni ngapi? Na aliwahi kuongezewa damu?

Mama wa Chikundi:
Asante Mwalimu, minyoo nimempa mwezi wa tisa. Nesi, wingi wa damu ni 11.2. Kuongezewa aliwahi, zamani kidogo.

Nesi wa Newala:
11.2 kwa umri wake imepungua kidogo tu, haimlazi mtoto mkekani hivyo. Zamani kidogo ni lini? Mara ngapi? Kwa ugonjwa gani?

Nahodha wa Mikindani:
Nahisi ni selimundu (sikoseli), dada unaona haya kusema. Usione haya. Mtoto wa dada yangu anayo, tumelala naye wodini mpaka walinzi wakatuzoea. Damu alikuwa anaongezewa kila baada ya miezi michache. Alipoanzishiwa dawa ya hidroksiyurea ndipo tukapumua, mwaka huu kafanya mtihani wa darasa la saba.

Nesi wa Newala:
Mama, bado upo?

Mama wa Chikundi:
Nipo. Nilikuwa nalia kidogo.

Si selimundu. Mwanangu alikuwa na lukemia, saratani ya damu. Iligundulika akiwa na miaka mitano na nusu, tukatibiwa Dar zaidi ya miaka miwili. Amemaliza dawa mwezi wa kwanza mwaka huu, na walisema yupo safi. Ukweni wanajua alikuwa na malaria sugu, ndiyo maana sikuandika mapema.

Kwa muda wote huo aliongezewa chupa 23. Kliniki ya mwezi wa pili wakapima kitu kinaitwa feritini, ikaja 2,840. Daktari akasema chuma cha zile damu kimejaa mwilini, hasa kwenye ini. Akasema watarudia kipimo, wampige picha ya MRI ya ini, na kwa vile amemaliza tiba, damu yake ikikaa vizuri watakuwa WANAMTOA DAMU kidogo kidogo. Nikachukua kadi yangu nikaondoka. Sijarudi.

Msinihukumu. Mimi ndiye niliyezunguka kuomba watu damu miaka miwili, leo nikubali imwagwe? Na mtoto mwenyewe amechoka. Mimi naona damu ndiyo inapungua, siropu ndiyo njia. Ile ya elfu 18 nimeshailipia nusu.

Kiboko ya Ruvuma:
Jamani hii ni chai. Someni taratibu. ID imejiunga juzi. Mtoto damu ndogo, halafu hapo hapo chuma kimezidi, wakati chuma ndiyo damu yenyewe! Daktari gani anamtoa damu mtoto aliyetoka kwenye saratani? Mara malaria sugu, mara lukemia. Subirini, post ya kumi itakuja na namba ya kutuma mchango. Tumeshaliwa sana humu.

Korosho Ghafi:
Mh. Mimi nimeshamwandikia na matembele.

Mwalimu Mstaafu:
Kama ni uongo, kumtungia mtoto ugonjwa ni dhambi kubwa. Kama ni kweli, Kiboko utaomba radhi hapa hapa.

Mama wa Chikundi:
Sijaomba shilingi ya mtu.

Kiboko, mbele yangu kuna daftari la kaunta. Mwanzoni ni hesabu ya kilo za korosho tulizopeleka AMCOS, chama chetu cha ushirika. Ukiligeuza, nyuma nimeandika chupa, moja mpaka 23, tarehe, na nani alikwenda kuchangia kufidia. Ya kwanza ni shemeji yangu. Alipanda basi Masasi, alichangia asubuhi, wakampa soda na biskuti. Soda akanywa. Biskuti akaiweka mfukoni akamletea mwanangu wodini, imevunjika vipande, mtoto akavipanga juu ya shuka kabla ya kula. Ya kumi na moja nimeandika "kijana wa bodaboda", jina lake sikulijua mpaka leo. Ya kumi na tisa haina jina kwa sababu ilikuwa usiku, joto 40, mkono ulikuwa hauandiki.

Hiyo ndiyo damu mnayosema imwagwe.

Nesi wa Newala:
Kiboko, hoja yako ngoja niijibu, maana hata huyu mama imemfunga hapo hapo.

Chuma kinatumika kutengeneza damu, ni kweli. Lakini kingine kinawekwa ghalani, kwenye ini. Ghala linaweza kufurika huku wingi wa damu ukiwa wa kawaida au chini kidogo. Chupa moja ya damu ina chuma kama miligramu 200 hadi 250. Mwili hauna njia ya kukitoa kilichozidi, unapoteza karibu miligramu 1 tu kwa siku. Chupa 23 ni zaidi ya gramu 4 na nusu. Mtu mzima mwenye afya ana gramu 3 mpaka 4 mwili wote! Sasa akiwa nacho mtoto wa miaka 9, kinakwenda ini, kinaweza kwenda moyo, na tezi zinazomkuza na kumfikisha balehe. Na mara nyingi hakina dalili mpaka kimeshaharibu.

Feritini peke yake haitoshi, homa na maambukizi navyo huipandisha. Ndiyo maana walitaka kurudia na kupiga MRI. Hawakukudanganya.

Kumtoa damu: kwa walivyosema yupo safi, uboho wake sasa ni mzima. Ukimtoa kidogo, uboho unatengeneza mpya, na chuma cha kutengenezea unakwenda kukichota ghalani kwenye ini. Ghala linapungua. Ikionekana haimfai, zipo dawa za kukitoa hicho chuma. Ipo ya kunywa mara moja kwa siku, deferasiroksi, na ipo deferoksamini inayoingia taratibu chini ya ngozi kwa kimashine, saa 8 mpaka 12 kila usiku, siku nyingi za wiki. Ni daktari wake anayechagua, zote zinahitaji kufuatiliwa kwa vipimo.

Mama, zile chupa 23 hazikuwa kosa. Bila hizo usingekuwa na mtoto wa kumpa siropu. Lakini siropu hiyo unaongeza magunia kwenye ghala lililofurika. Na rozela ina vitamini C, inasaidia chuma kupenya zaidi. Acha leo.

Sitaki kukutisha, ila uchovu wa mtoto aliyemaliza tiba ya lukemia unapimwa, haukisiwi. Damu yote, ini, moyo, sukari. Na lazima waangalie kama ugonjwa wenyewe umerudi au la. Mimi siwezi kukuambia kwa simu ni kipi, na muuza duka pia hawezi.

Kiboko ya Ruvuma:
Dada, hiyo ya biskuti imenimaliza. Nisamehe. Mdogo wangu alichangishiwa humu na tapeli kwa picha ya mtoto wa mtu, nikabaki na kidonda.

Mama wa Chikundi:
Imeisha kaka.

Nesi, nimesoma mara tatu. Hilo la ugonjwa kurudi ndilo lililonifanya nisirudi, kweli. Kule wodini kitanda cha pili alikuwepo rafiki yake. Basi.

Nitakwenda mnada ukilipa. AMCOS wanasema wiki mbili.

Nesi wa Newala:
Usisubiri mnada kupiga simu. Kwenye kadi yake ya kliniki pana namba. Piga kesho asubuhi, sema "nilipotea tangu mwezi wa pili, mtoto anachoka". Watakupa tarehe na hawatakufokea, wazazi wanaopotea wanawajua. Kuhusu gharama, waambie ustawi wa jamii wa pale. Daftari lako nenda nalo, lile ni hazina kwa daktari.

Nahodha wa Mikindani:
Nauli ikikaza niambie pembeni. Mke wangu yupo Mbagala, basi za kusini zinapita pale pale. Mtalala kwake, chumba cha watoto kipo, asubuhi atawapandisha gari la mjini.

Mama wa Chikundi:
Mungu awabariki. Ya elfu 18 nimemwambia muuza duka sichukui tena, elfu 9 yangu hairudishi. Juisi ya rozela nimempa jirani.

Nesi swali la mwisho. Bibi yake amechinja jogoo leo kwa ajili yake, na yeye anapenda ini. Ale?

Nesi wa Newala:
Maini ya ng'ombe ya kila siku acha. Ini moja la jogoo la bibi, mpe ale. Amekula?

Mama wa Chikundi:
Anakula. Ameketi.