Naomba ushauri: nimwiteje mtoto mdogo kwa Kihispania?

Wakuu, habari zenu. Najifunza Kihispania, na majina ya watoto wadogo yananichanganya. Chico (mdogo, au mvulana) nimesoma limetoka Kilatini, ciccum, kile kiutando chembamba kinachotenga punje za komamanga. Ukiongeza -ito unapata chiquito, kama sisi na ki- yetu ya kitoto. Hapo sawa. Lakini Chile mtoto mchanga ni guagua, kutoka Kikechua (lugha ya wenyeji wa milima ya Andes) wawa, na ukifika Cuba guagua ni basi la abiria! Meksiko nako mtoto huitwa escuincle, kutoka Kinahuatl (lugha ya Waazteki) itzcuintli, yaani mbwa. Juzi nilimwita hivyo mtoto wa jirani yangu Mmeksiko, mama mtu akaninunia. Je, ni utani wa ndani ya familia tu? Na niñito (niño, mtoto, pamoja na -ito) linafaa kila nchi?