Filta ya oili ya pikipiki: orijino, kopi, au kuosha ile ile?

MamaMkataba
Wakuu habari za asubuhi. Nina pikipiki mbili za mkataba. Boxer 150 inapaki Buguruni, na ya Kichina ya 125 iko Kimara. Vijana wanaleta hesabu vizuri, shida yangu ni huyu fundi wao. Kila wiki mbili nadaiwa oili mbili, filta mbili na hela ya ufundi. Nikiuliza naambiwa, "Mama, filta ndiyo figo ya injini." Sawa. Ila filta ya Boxer inakuja kwa bei tofauti kila mara. Leo orijino, kesho kopi ya nusu bei, na juzi kijana kateleza ulimi kwamba waliosha ya zamani kwa petroli wakairudisha. Ipi inalipa? Na ni lazima kila nikimwaga oili? Nawasilisha.

KijiweTabata
Kopi. Mwaka wa nne huu natembelea kopi na injini haijafunguliwa. Orijino nyingi ni kopi iliyovaa boksi zuri.

Spana17
Mama, tuanze na hiyo ya Kimara. Ikiwa injini yake ni ya muundo wa Honda CG125, zile zenye fimbo za kusukumia valvu badala ya cheni ya taimingi, basi haina filta ya karatasi. Haijawahi kuwa nayo. Pikipiki nyingi za Kichina za 125 mjini hapa ni za ukoo huo.

MamaMkataba
Unasema kweli? Hiyo pikipiki nailipia filta tangu mwezi wa tatu!

KijiweTabata
Hahaha, mama umepigwa na kitu kizito.

Spana17
Nieleze vizuri nisije nikamwonea mtu. Injini hizo zinachuja kwa njia mbili. Kuna wavu wa chuma ambao oili inapita kabla ya kufika kwenye pampu, huo unazuia vipande vikubwa. Halafu kuna kikombe kilichofungwa mwishoni mwa krenki (ile shafti inayozungushwa na pistoni), upande wa kulia, ndani ya kava ya klachi. Kikombe kinazunguka pamoja na krenki, kwa hiyo uchafu mzito unarushwa pembeni na kuganda kwenye ukuta wake, oili safi inaendelea katikati. Ukikifungua baada ya muda mrefu unakuta tope jeusi limekaza kama ukoko wa ugali. Unalikwangua taratibu na kufuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Hakuna cha kununua hapo isipokuwa gasketi ya kava.

Fundi akisema amesafisha kikombe, mwambie akuonyeshe gasketi ya zamani. Kava halifunguki hivi hivi.

FundiTandika
Spana17 yuko sahihi, naongezea tu kwamba kikombe si cha kufungua kila ukimwaga oili. Ukifanya hivyo utamaliza gasketi za duka zima na mwisho kava litaanza kuvuja. Wavu unaoshwa, haudhuriki. Uko chini wenye kofia na springi kwenye baadhi ya pikipiki, na kwenye nyingine uko ndani ya kava.

Sasa Boxer. Kuosha filta ya karatasi kwa petroli ni kujidanganya. Karatasi ikilowa petroli gundi inalegea, na uchafu uliokuwa nje unaweza kusukumwa upande wa ndani, njia ya kwenda kwenye krenki na kamshafti, ile inayofungua valvu. Bora uiache chafu ilivyo wiki moja zaidi ukatafute mpya.

Orijino na kopi, hapo sina dini. Kuna kopi nzuri na kopi ya kukufilisi. Nenda Kariakoo na filta yako ya zamani mfukoni, ilinganishe na mpya palepale kaunta. Angalia urefu kwanza. Ikiwa fupi hata kidogo haikai sawasawa, oili inapita pembeni badala ya kupita kwenye karatasi, na wewe unajiona umebadilisha filta. Tazama mpira wa kwenye tundu kama umeshika, mikunjo ya karatasi kama imepangana au imelaliana. Ibonyeze kidogo kwa vidole. Ikibonyea kama boksi la kiberiti, irudishe. Mimi pikipiki za wateja wa boda naweka orijino kila mara ya pili nikimwaga oili. Ya kwangu naweka kila mara, kwa sababu naipenda.

MzeeWaGoba
Mnabishana filta, je, oili yenyewe? Kijana wangu alikuwa anawekewa oili ya gari kwa kuwa ni rahisi. Baada ya wiki kadhaa, kupanda kilima cha huku kwetu na abiria mmoja, injini inalia lakini pikipiki haiendi. Klachi inateleza. Klachi za pikipiki hizi zinaogelea kwenye oili ile ile ya injini, na oili nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano. Tafuta kopo lenye maandishi JASO MA au MA2, hiyo ni alama ya oili ya pikipiki isiyotelezesha klachi. Filta ya dhahabu haitakuokoa hapo.

Halafu hewa filta. Vumbi la barabara za ndani huku linaingia kupitia hewa filta iliyochanika, linakula ringi, ndipo oili inakuwa nyeusi na kupungua. Watu wanalaumu filta ya oili bure.

KijiweTabata
Mzee kanena. Na foleni pia. Ubungo mpaka Mwenge jioni injini inachemka na kilomita haziongezeki, kwa hiyo msihesabu kilomita peke yake. Za kwangu hata hazisomi.

DadaWaSpea
Dada MamaMkataba, kwa nini usiisimamie mwenyewe mara moja? Washa injini dakika tatu oili ipate joto, mwaga, kisha fungua kile kifuniko kidogo cha filta cha upande wa kulia. KABLA ya kuvuta filta piga picha kwa simu, uone upande upi unatazama nje na springi imekaaje. Ikigeuzwa oili haipiti inavyotakiwa. Badilisha mpira wa duara wa kifuniko. Nati ya chini ikazwe kwa mkono wenye adabu, injini ni aluminiamu, nyuzi zikichanika utalia. Vaa nguo za kuchafua. Oili chafu usimwage mtaroni, mafundi wa mbao wanaichukua kupaka nguzo dhidi ya mchwa.

MamaMkataba
Nimerudi, wakuu. Jumapili nilikaa kwenye kigoda mpaka Boxer ikafunguliwa. Filta iliyotoka nilidaiwa wiki mbili zilizopita kuwa ni orijino mpya. Ilikuwa nyeusi tii, karatasi imechanika ubavuni, na imegeuzwa. Nimeweka orijino niliyolinganisha mwenyewe, kwa ushauri wa FundiTandika. Nitakuwa nabadilisha kila mara, maana tofauti ya bei na kopi haifiki hesabu ya nusu siku.

Ya Kimara nilimuuliza fundi anionyeshe filta inapokaa. Akazunguka pikipiki mara mbili, akasema, "Mama, ile ilikuwa hela ya plagi."

Kuanzia sasa ufundi silipi mpaka filta ya zamani iletwe pamoja na hesabu, imefungwa gazeti.

KijiweTabata
Angalia wasikuletee ya pikipiki nyingine.

MamaMkataba
Nimeiandika tarehe kwa kalamu ya maka kabla haijaingia.