Naomba ushauri: picha ya bahari yenye sahihi ya Copley Fielding mnadani Uingereza

Wakuu, salaam. Naombeni msaada kabla sijaweka dau.

Ni mandhari ya bahari kwa rangi za maji, ina sahihi ya Copley Fielding (1787–1855), mchoraji Mwingereza wa rangi za maji. Katalogi inasema "ina sahihi" tu, haisemi ni kazi yake, na lugha hiyo ya madalali tunaijua. Povu la mawimbi limekwanguliwa kwa kisu hadi weupe wa karatasi. Hilo linaendana na zama zake, ingawa wengi walifanya hivyo. Anga imekuwa ya waridi, ila ukingo uliofunikwa na kadi ya fremu bado ni buluu-kijivu: nili (rangi ya buluu itokanayo na mmea, indigo) imeliwa na mwanga, wekundu uliochanganywa nayo ukabaki. Madoa ya kahawia yapo pia, hayo hayanitishi sana.

Nimeomba picha za karatasi ikimulikwa kwa nyuma. Alama ya maji (chapa ya mtengenezaji iliyo ndani ya karatasi yenyewe, watermark) inasomeka J WHATMAN, jina la karatasi ya Kiingereza, na mwaka unaoanza na 18, kisha tarakimu mbili zimezibwa na kipande cha kadi kilichogandishwa kwa gundi. Mwaka wa mapema hautathibitisha chochote, kwani karatasi iliweza kukaa miaka kabla ya kuchorwa. Lakini 1856 au baadaye unamaliza ubishi.

Naomba kujua:

1. Kuna namna ya kuzisoma tarakimu hizo bila kubandua kadi? Mwanga wa ubavuni unatosha?

2. Nili iliyopauka hairudi. Kwa anga ya namna hii, mnapunguza dau kwa kiasi gani, mkishahesabu ada ya mnunuzi (ile anayolipa kwa nyumba ya mnada juu ya bei ya dau)?