Naombeni ushauri: niendelee kuwa mwenyekiti wa kikundi cha haki za Waogiek, au nijiuzulu kabla ya Jumamosi?

Kivuli cha Mwerezi (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za usiku. Hii ni siku ya tatu silali.

Kwa miaka minne nimekuwa mwenyekiti wa kikundi cha kujitolea huku kwetu mashariki mwa msitu wa Mau, Kenya. Hatuna ofisi wala mshahara. Tunakutana kanisani baada ya ibada, na mwenye nauli anamchangia asiye nayo. Tunafuatilia haki ya ardhi ya Waogiek, wenyeji wa asili wa msitu huu, na pia tunawakalisha pamoja Waogiek na majirani waliohamia, maana watoto wao wanasoma shule moja na bado kuna watu wazima wasiosalimiana sokoni. Mimi ndiye mwandishi wa barua, ndiye msomaji wa hukumu mbele ya wazee, ndiye wa kwenda nao kwa chifu.

Hukumu yenyewe wengi mnaijua. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwatoa msituni. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara na 100,000,000 kwa machungu, ardhi yao ipimwe na kupewa hati, na serikali iwaombe radhi. Tangu hapo tunangoja. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zikabomolewa tena kule Sasimwani, humo humo Mau.

Jumamosi kuna uchaguzi. Wazee wanataka niendelee, na zaidi ya hapo niongoze kamati ya kuandika nani anakaa wapi na mpaka wake unaishia wapi. Nahisi nimechoka. Nijiuzulu vipi bila kikundi kuvunjika?

Mama Riziki

Mwanangu, kujitolea ni ibada. Aliyekupa nguvu miaka minne atakupa na mingine. Vijana wa leo mkikosa posho mnasema mmechoka. Wazee wakikuamini usiwape kisogo.

Fundi Bomba

Pole kaka. Mimi niliongoza kamati ya maji kijijini kwetu miaka sita. Mwaka wa kwanza wananishangilia, wa pili wananiuliza pampu imeharibikaje, wa tatu mweka hazina kahama na daftari la michango. Nilikuwa naamka saa kumi usiku kufungua koki mwenyewe. Hadi leo mke wangu akisikia neno kamati anafunga mlango. Ushauri wangu: kabidhi kila kitu kwa maandishi, kila risiti, mbele ya watu, saini zao ziwepo.

Mwana Kivu

Ndugu yangu, niko Kivu Kusini, Kongo. Huku Batwa, wenyeji wa msitu kama Waogiek, walitolewa kwenye mbuga ya Kahuzi-Biega miaka ya 1970, na wengi mpaka leo wanalima mashamba ya watu kwa kibarua. Mwaka 2022 tulipata sheria ya kuwalinda, tukacheza ngoma, lakini sheria haijamrudisha mtu nyumbani. Nami nilikuwa kiongozi wa kujitolea, na si Mtwa. Siku moja kwenye mkutano nimeongea karibu saa nzima, mama mmoja Mtwa akanyoosha mkono akaniuliza: "Tumekuwa bubu tangu lini?" Nilikaa chini. Sasa nikuulize: wewe ni Mogiek?

Kivuli cha Mwerezi

Asanteni wote. @Mwana Kivu, mama yangu ni Mogiek wa Mariashoni. Baba hakuwa Mogiek. Wazee wanalijua hilo na hawajawahi kulisema vibaya.

Binti wa Nessuit

Kaka, nimesoma mara mbili. Mtu hakosi usingizi siku tatu kwa sababu amependwa na wazee. Uchovu unaleta usingizi, haufukuzi. Kilichokugusa ni ile kamati ya mipaka. Kuna nini kwenye mipaka?

Kivuli cha Mwerezi

Dada, umenibana. Sawa.

Kuna shamba la ekari tano, hati ni ya baba. Alilipata kwenye ule mgao wa 2001, serikali ilipotangaza kumega zaidi ya hekta 35,000 za msitu upande wetu. Ilisemekana ni za kuwapa Waogiek makao, lakini mnajua walioingia ni akina nani. Baba hakuiba. Alipewa karatasi na mtu wa ofisi, akalipa alichoambiwa alipe, akapanda viazi. Sisi tumesomeshwa na viazi vile. Alifariki 2019.

Kwenye kikundi sijawahi kulitaja. Nikiongoza kamati, siku moja mstari utapita hapo.

Kwa hiyo nimeona niliuze kabla, niwe mtu safi. Kuna mnunuzi, ameshanipa arbuni 80,000, na pesa hiyo imeenda karo ya chuo ya mdogo wangu. Naomba msinihukumu haraka. Nikishauza sina tena maslahi, naweza kuwatumikia wazee bila doa. Naona huo ndio uungwana.

Mama Riziki

Astaghfirullah. Narudisha maneno yangu ya juu.

Wakili wa Mtaani

Tuache uungwana kidogo, tuangalie sheria. Mzee amefariki na hati bado ina jina lake. Mmefungua mirathi? Kama hamjafungua, wewe si mwenye shamba. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinasema anayeingilia mali ya marehemu bila idhini ametenda kosa: faini hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha bodi ya ardhi. Arbuni uliyokula ni deni. Ndugu zako wangapi?

Kivuli cha Mwerezi

Tuko wawili, mimi na dada yangu mkubwa aliyeolewa. Wa chuo ni mtoto wa baba mdogo, namlea. Mirathi hatujafungua. Dada hajui kuhusu mnunuzi. Lakini yeye ana kwake, na mara nyingi amesema nifanye ninavyoona.

Binti wa Nessuit

Alisema ufanye unavyoona, wewe ukachagua asione.

Jicho la Tai

Wakuu, mnapoteza muda. Hii ni chai.

Mwenyekiti miaka minne, msomaji wa hukumu mbele ya wazee, halafu anaandika kwamba Arusha iliamuru serikali iombe radhi? Haikuamuru. Radhi iliombwa, na mnara wa kumbukumbu uliombwa, mahakama ikavikataa vyote viwili; kuhusu radhi ilisema hukumu yenyewe inatosha kuwa fidia. Yeyote aliyeifungua anajua. Huyu ametunga kisa ili Jumamosi watu wawashuku wenyeviti wote wenye damu mchanganyiko. Nimeona mbinu hizi kwenye kila uchaguzi wa ushirika.

Mzawa wa Ngarenaro

Mimi niko hapa Arusha, napita nje ya mahakama hiyo kila siku na mkokoteni wa miwa, na hata mimi sikujua hilo la radhi. Kama ni chai basi ina tangawizi, nimekunywa yote. Mwenye uzi jibu.

Fundi Bomba

Yule mweka hazina wetu naye alikuwa na hadithi nzuri hivi hivi. Mtu akianza kulia kabla hajaulizwa, kagua daftari.

Kivuli cha Mwerezi

@Jicho la Tai, uko sahihi kuhusu hukumu. Kwamba natunga, hapana.

Niliisoma mara ya kwanza nyumbani kwa mzee mmoja, usiku, kwa tochi ya simu. Alikuwa ametoka kwenye mizinga yake ya nyuki, koti linanuka moshi, na kwenye kidole gumba ana nta iliyoganda anaibandua kidogo kidogo huku nikitafsiri. Nilipofika kwenye milioni hakutikisika. Nilipofika kwenye hati akasema "mm". Nilipomaliza akaniuliza: "Na pole iko ukurasa wa ngapi?"

Nilikuwa nimeshaona haipo. Nikamwambia ipo mbele, tutaifikia. Wiki iliyofuata akawaambia wenzake kwamba serikali imeamriwa kusema pole, nami nikanyamaza. Nimeisema hivyo kwenye mikutano mpaka ulimi umezoea, hata hapa nimeiandika bila kufikiri.

Sasa mmejua yote mawili.

Jicho la Tai

Nimesoma. La utunzi naliondoa. Lakini kumwambia mzee uongo kuhusu pole, hilo ni zito kuliko ekari tano.

Mwana Kivu

Hapana, ndugu. Yote yametoka mahali pamoja: anaogopa uso wa mzee ukibadilika.

Binti wa Nessuit

Kaka, niseme kama Mogiek. Babu yangu alikuwa na mizinga kwenye miti ambayo leo ni shamba la viazi la mtu, na tunamsalimia huyo mtu. Tumeitwa Dorobo, watu wasio na ng'ombe, na tumewasalimia pia waliotuita hivyo. Kuishi na jirani mwenye hati tunaweza. Kinachotuumiza ni kusikia mambo yetu mwishoni kabisa, watu wote wakiwa wameshajua.

Na huko kuuza unakosea hesabu. Ukimuuzia huyo mnunuzi, mstari ukipita hapo atakayelia ni yeye na watoto wake. Utakuwa umempa mtu mwingine kesi yako kwa 80,000. Rudi kwenye hukumu hiyo hiyo: kuhusu ardhi waliyopewa wasio Waogiek, mahakama imesema kwanza wakae na kuzungumza, waone kama wanaweza kubaki kwa kukodi au kugawana faida. Mwafaka ukishindikana, serikali iwalipe hao na ardhi irudi kwa Waogiek. Kiti cha watu kama wewe kimewekwa pale mezani. Wewe unakimbia kiti chako ili ukaongoze kamati inayokitafuta.

Kamati ya mipaka usiichukue. Uenyekiti waachie wenyewe waamue, wakishajua.

Wakili wa Mtaani

Naunga mkono. Na kamati ya namna hiyo isiwe ya kuteuliwa na wazee watano. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkutano wa wanajamii wote walio watu wazima uchague kamati ya watu 7 hadi 15. Anzeni hivyo mapema, msije mkaambiwa orodha ilipikwa. Mnunuzi mrudishie pesa yake, hata kwa mafungu, mwandikishane.

Kivuli cha Mwerezi

80,000 sina. Nina ndama mmoja na viazi vya msimu huu. Pia sikubali kwamba nilitaka kumdhulumu mnunuzi. Nilimwambia eneo lile lina kesi, akasema kila mahali kuna kesi.

Mama Riziki

Uza ndama, mwanangu. Nakuombea.

Kivuli cha Mwerezi

Nimempigia mzee sasa hivi. Nilidhani amelala. Nikamwambia nina karatasi nataka kumwonyesha kabla ya Jumamosi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ile ya baba yako? Ilete kesho, kabla jua halijawa kali."

Sikumbuki nilimjibu nini.

Mzawa wa Ngarenaro

Ina maana miaka yote minne alikuwa anajua?

Binti wa Nessuit

Nenda na dada yako. Na ile hukumu ibebe pia, ukamsomee tena, mara hii mpaka mwisho.