Mche umesimama, mzizi haupo: ginseng yangu inakufa

Mhehe wa Wausau:
Wakuu, habari. Niko Wisconsin, Marekani, kaunti ya Marathon, na nimejitosa kwenye ginseng, ule mmea unaolimwa kwa ajili ya mizizi yake ya dawa, robo ekari ya kukodi. Nilipanda mbegu Oktoba, matuta ya kuinuka, mabua ya ngano juu, kitambaa cha kivuli nimefunga mwenyewe. Mei imeota vizuri, kila mche vijani vitatu. Ikaja mvua ya siku nane. Sasa miche inalala: shina limesinyaa usawa wa udongo, jembamba kama uzi, na inakufa kwa duara. Juzi duara lilikuwa kama sahani, leo kama ungo. Kwetu ningesema kinyausi, ule ugonjwa wa kuoza miche michanga, basi. Ila kuna mingine imesimama, majani yamegeuka mekundu, na ukiugusa mche unatoka wenyewe. Chini hamna kitu. Mzizi umekwenda wapi?

Mama Kitalu:
Hiyo inayolala ni kinyausi, baba, huna haja ya kujiuliza. Punguza mabua, yanashika unyevu, na zibua mifereji. Ng'oa wagonjwa pamoja na majirani zao wanaojifanya wazima, ukatupe mbali. Mimi niliwahi kurundika kabichi wagonjwa kando ya tuta, mvua ikanirudishia ugonjwa wote. Ginseng siijui, wengine watasema.

Kibarua Ontario:
Nimefanya misimu sita kwenye ginseng huku Norfolk, Kanada. Mama yuko sahihi kwa inayolala, mara nyingi ni Rhizoctonia, kuvu wa udongoni. Isiyo na mzizi ni kesi nyingine. Using'oe, chimba. Bana ncha ya mzizi kwa kucha, vuta taratibu. Ngozi ikichomoka ukabaki uzi mweupe, ni Pythium, kimelea cha udongoni. Mzizi ukiwa wa kahawia na unapinda kama mpira, ni Phytophthora, ndugu yake. Ukiwa umelika kuanzia nchani kupanda juu, kimebaki kisiki cheusi, huyo ndiye tunayemwogopa; ni kuvu ambaye wengi bado wanamwita Cylindrocarpon. Metalaksili, ile dawa mnayopigia nyanya, inawafaa Pythium na Phytophthora tu. Kwa vimelea wengine unamwaga hela.
Halafu niambie: hilo shamba limewahi kulimwa ginseng?

Mhehe wa Wausau:
Nimechimba 12. Tisa ni visiki vyeusi, kimoja hakifiki hata urefu wa punje ya mchele. Nimemfuata mzee mwenye shamba. Anasema ndiyo, alilima, alivuna 1996, "zamani hizo". Na zile nguzo zilizooza kando ya uzio, ambazo nimekuwa nikizichoma moto majira yote ya baridi, ndizo zilizobeba kivuli chake!

Kibarua Ontario:
Pole sana ndugu yangu. Mabosi wangu wote hawarudii ardhi iliyokwisha kutoa ginseng, hata ipumzike miaka mingapi. Kimelea kinabaki udongoni kinasubiri. Peleka miche maabara ya magonjwa ya mimea ya chuo kikuu, Madison. Chagua iliyo ukingoni mwa duara, nusu mgonjwa, na udongo wake, usiioshe. Na viatu vyako visiingie shamba la mtu.

Mama Kitalu:
Si uhame tu mapema, baba?

Mhehe wa Wausau:
Mama, ginseng haivunwi kabla ya miaka mitatu, minne. Kodi nimelipa ya minne, taslimu.