Naomba ushauri: shukrani zangu kwa Mungu zimekuwa za kukariri

Mama wa Pasua
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nasali asubuhi na usiku, lakini maneno ni yale yale: "Asante kwa pumzi, asante kwa uzima, si kwamba sisi ni wema kuliko waliolala mauti." Kabla sijamaliza nimeshaingia kwenye kuombea kodi ya fremu ya duka. Moyo haupo. Na mambo yakiwa magumu najiona mnafiki kusema asante. Naanzia wapi? Nipo Moshi, nasali KKKT (Kilutheri), ila hata wa madhehebu mengine karibuni.

Mzee wa Kiborloni
Asifiwe sana mama. Kurudia maneno si kosa. Zaburi ya 136 ina mistari 26, na kila mmoja unaishia na "kwa maana fadhili zake ni za milele". Ila soma kinachotangulia: jua, mwezi, Bahari ya Shamu, Sihoni mfalme wa Waamori, Ogu mfalme wa Bashani, hadi chakula cha kila mwenye mwili. Kiitikio ni kimoja, mambo yanayoshukuriwa ni mengi na yana majina. Wewe umebaki na kiitikio peke yake.

Tafuta daftari dogo. Kila usiku andika mambo matatu ya siku hiyo, kila moja liwe na mtu, mahali au saa. "Asante kwa riziki" haihesabiwi. "Mteja aliyekuja saa nne akalipa deni la vitenge" inahesabiwa. Ulichokwisha kuandika wiki hiyo usikirudie. Baada ya siku chache utakwama, na ni vizuri ukwame, maana kuanzia hapo utakuwa unatafuta mchana kutwa cha kuandika usiku. Ukipata mawili tu, andika mawili ulale. Usijazie kwa maneno ya jumla. Na uandike ukiwa umekaa mezani. Ukishapanda kitandani, simu itakushinda.

Mfano unao tayari kutoka mafundisho ya kipaimara: Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, ikieleza sehemu ya kwanza ya imani inataja mavazi, viatu, chakula, nyumba, shamba, mifugo. Viatu! Nani siku hizi anashukuru kwa viatu?

Dada wa Njiro
Naongezea hapo kwenye kodi. Tenganisha. Dakika tano za shukrani, sema amina, nyanyuka. Kodi iombee asubuhi. Vikikaa pamoja, shukrani inakuwa kama aya ya kwanza ya barua ya kuomba kazi: unaisifia ofisi ili upewe nafasi. Najua Wafilipi 4:6 inaweka maombi na shukrani pamoja, na huko ndiko utakakorudi, lakini kwa majuma mawili matatu ya mwanzo ziache mbalimbali.

Na hiyo ya "waliolala mauti" ningeiacha. Mfarisayo wa Luka 18 naye alianza na "nakushukuru", kumbe anajipima na mtoza ushuru.

Mzee wa Kiborloni
Hapo dada sikubaliani. Mfarisayo alijiona bora. Maneno ya mama yanakana ubora wowote. Tatizo lake ni kwamba yamezoeleka hadi hayasikiki.

Katekista Kibosho
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi naingia kwenye unafiki. Mama, hulazimiki kuita baya zuri. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne kabla ya kufika kwenye kuimba. Ya 88 haifiki kabisa. Inaishia gizani, na bado ni sala ndani ya Biblia. Siku mbaya anza na lalamiko lako lote, kisha tafuta jambo moja dogo la kushukuru. Likikosekana, ishia kwenye lalamiko.

Kwetu Wakatoliki ipo tafakari ya usiku ya Mtakatifu Inyasi yenye hatua tano: shukrani, kuomba mwanga, kupitia siku, kuomba msamaha, kukusudia kujirekebisha. Usibadili mpangilio. Wengi huanza na dhambi, wanachoka, shukrani haifikiwi.

Mama wa Pasua
Nimewaelewa. Na sadaka ya shukrani je? Nisubiri biashara itulie ndipo nitoe?

Mzee wa Kiborloni
Usisubiri. Yule Msamaria mwenye ukoma wa Luka 17 alirudi kumshukuru Yesu alipoona amepona, wenzake tisa wakaendelea na safari. Toa kidogo ulichonacho kwa jambo lililokwisha kutendeka. Ukitoa ili biashara itulie, hiyo si shukrani tena, umeshaanza kulipia huduma.

Soma pia Walawi 7:15. Nyama ya sadaka ya shukrani ililiwa siku ile ile, isibaki hata asubuhi. Ng'ombe mzima utamlaje peke yako? Lazima ualike. Kwa hiyo bahasha peke yake haitoshi; pika hata chai na maandazi, uite majirani wa jumuiya.

Dada wa Njiro
Ukipewa nafasi ya ushuhuda, dakika tatu: hali ilivyokuwa, Mungu alichofanya, alimtumia nani. Na huyo aliyetumika awe ameshashukuriwa ana kwa ana kabla ya Jumapili. Usitaje kiasi cha fedha, wala "maadui wameaibika". Hapo kanisa zima litaanza kuwahesabu maadui zako.

Kwa sikukuu ya mavuno, kama una kihamba (shamba la migomba la nyumbani), mkungu wa ndizi wa kanisa utengwe kabla mzigo haujaenda sokoni. Kumbukumbu la Torati 26 inadai malimbuko. Ukingoja gari lirudi, utapeleka ndizi zilizokataliwa na wanunuzi, na kwenye mnada wa mavuno kanisani wote watazijua.