Marudio yenye zebaki yasiingie kwenye vati mpaka yasafishwe. Sawa, ila nani alipe?

Mwana wa Lupa
Wakuu wa Chunya na majirani wa Mbeya na Songwe, nalileta hili tulijadili bila matusi.

Mzunguko wote mnaujua. Mwamba unatoka duarani, yaani shimoni, unapita karasha ya kusagia mawe, unaoshwa, unakamatishwa kwa zebaki, kidonge cha dhahabu na zebaki kinachomwa. Mchanga unaobaki ndio marudio. Na kwa sababu zebaki mara nyingi haikamati hata nusu ya dhahabu iliyomo, mwenye vati, lile tangi kubwa la kulowekea, anakuja kuyanunua, anayaloweka kwa sayanaidi, kaboni (mkaa maalumu) inabeba dhahabu, safari ya sokoni inaanza.

Tatizo ni kwamba marudio hayabaki na dhahabu peke yake. Zebaki nayo imo, na sayanaidi haibagui: inaiyeyusha pia. Ikishayeyuka inatembea na maji kirahisi kuliko ilivyokuwa imetulia mchangani. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania ilisaini 2013 na kuuridhia 2020, umelitaja jambo hili moja kwa moja katika yale ya kukomeshwa: kuloweka kwa sayanaidi mchanga uliotiwa zebaki bila kuitoa zebaki kwanza.

Kwa hiyo isafishwe, hapo sidhani tutabishana. Swali langu ni mfuko wa nani. Mimi nasema mwenye vati, maana ndiye anayekula faida ya pili.

Vati la Matundasi
Faida ya pili! Umewahi kununua dramu ya sayanaidi wewe? Chokaa, dizeli, pampu, kaboni, vibarua wa kupakia na kupakua, mlinzi wa usiku, mrabaha, halafu unakwenda kwenye elusheni, wanakoitoa dhahabu kwenye kaboni, unakuta kaboni imebeba nusu ya ulichotegemea. Unaita faida ya pili. Kuna vati nimefungua mwaka huu haikurudisha hata hela ya malori.

Na hiyo zebaki niliitia mimi? Mimi nauziwa rundo. Aliyeitia ndiye aitoe.

Kijiwe cha Mwanjelwa
Tajiri analia. Leteni leso.

Mgeni wa Mafinga
Samahani wakuu, huko Minamata si ndiko lilikoangukia bomu?

Fundi Maabara
@Mgeni wa Mafinga hapana, bomu ni Hiroshima na Nagasaki. Minamata ni mji wa pwani huko huko Japani. Kiwanda cha kemikali cha Chisso kilimwaga maji yenye zebaki kwenye ghuba kwa miaka, samaki wakaibeba, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi 1956. Watu walitetemeka, walishindwa kutembea, watoto walizaliwa wakiwa wameathirika.

Turudi kwenye hoja. Hapa mnachanganya vitu viwili ambavyo gharama zake hazifanani hata kidogo: kutoa zebaki kwenye maji na kutoa zebaki kwenye tope.

Maji yana nafuu. Ukitia sodiamu salfaidi, zebaki inashikana na salfa, inakuwa unga mweusi usioyeyuka, unatuama chini, unachuja. Ila kuna mtego: ukizidisha salfaidi, sehemu ya zebaki inarudi kwenye maji, kwa hiyo unapima huku unatia, humwagi kwa ndoo. Na usithubutu kuiweka karibu na asidi, hewa inayotoka inaua. Baada ya hapo maji unayapitisha kwenye kaboni iliyotiwa salfa, inakamata mabaki. Kwa maji ya kunywa Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi miligramu 0.006 kwa lita. Huo ni udogo ambao jicho haliuoni, kwa hiyo asikwambie mtu "maji yangu meupe".

Tope ndiyo kazi. Chukua marudio kiganja kimoja, yapepete kwenye karai taratibu chini ya jua. Ukiona vishanga vyeupe vinakimbizana pembeni mwa ule mchanga mweusi, shukuru Mungu, hiyo zebaki bado nzima. Meza ya kutikisa au bamba la shaba lililopakwa fedha litaikamata nyingi. Usipoona kitu, usishangilie. Mara nyingi maana yake imesagika ikawa unga, kwa sababu kuna watu wanatia zebaki ndani ya karasha huko huko pamoja na mawe. Ile haikamatiki kwa karai wala kwa bamba. Inabaki kuichoma kwenye tanuru lililofungwa, zaidi ya nyuzi 357 inapochemkia, na mvuke upozwe urudi kuwa zebaki. Sasa piga hesabu ya rundo la machimbo ya Itumbi.

Kijiwe cha Mwanjelwa
Kwa hiyo tuuchemshe mlima wa mchanga kama chai ya rangi? Kuni mtatoa wapi, miombo yote ya Chunya si mmeshaikaushia tumbaku?

Mkulima wa Lualaje
Tumbaku imeingiaje hapa? Kila kitu kikiharibika Chunya ni tumbaku. Sisi tunapanda miti, nenda kaangalie. Ninyi wa Mwanjelwa mnapanda nini zaidi ya vibanda?

Vati la Matundasi
Fundi Maabara kanisaidia bila kujua. Zebaki ikitiwa karashani haitoki. Basi waelimishwe wale wakina mama wa karai wanaoshinda mwaloni kwenye uoshaji wanamwaga zebaki kama maji. Mtu hajui hata anachoshika, halafu mzigo niubebe mimi.

Mama Itumbi
Mimi ndiye huyo mama wa karai. Nimenyamaza tangu juu nikisema ni mambo ya wataalamu, ila hapo umenigusa.

Kwanza, zebaki anainunua nani? Hanunui mwosha marudio. Ananunua mwenye duara au mwenye karasha, anaifunga kwenye kichupa, anakuja kusimamia kijana wake mpaka kidonge kiive. Mimi nalipwa kwa ndoo. Pili, hicho unachokiita kumwaga, kinamwagwa na nani kwenye karasha? Hakuna mwanamke mwenye karasha pale ninapofanyia kazi. Na tatu, kaka, mwaka jana ulituma kijana wako kununua rundo letu akasema "hili zuri, limepigwa zebaki kidogo tu." Mlijua. Mlijua na mkapunguza bei kwa sababu hiyo hiyo.

Vati la Matundasi
Mimi sijakutaja jina dada. Na sina kijana Itumbi.

Mama Itumbi
Sijasema jina lako pia. Mbona umeshtuka?

Kijiwe cha Mwanjelwa
😂😂 Goli la kwanza, dakika ya kumi.

Msomi wa Uyole
Wadau, hebu tupanue kidogo. Hatari si samaki peke yake. Huko Wanshan, mkoa wa Guizhou, China, kulikochimbwa zebaki kwa karne nyingi, watafiti waligundua kwamba watu wanaipata zebaki mbaya zaidi kupitia wali kuliko samaki. Majaruba yaliyojaa maji yana bakteria wanaoigeuza zebaki kuwa ile ya kuingia mwilini, na mpunga unaivuta mpaka kwenye punje. Sasa mkoa wetu huu ni mkoa wa mpunga. Fikirini.

Ubaruku Original
We msomi, unataka kusema mchele wa Mbarali una zebaki? Taja kipimo. Taja jaruba. Taja kijiji. Wanunuzi wanasoma humu! Kesho mtu wa Dar anafika Ubaruku anataka apunguziwe kwa sababu "nimesikia kuna zebaki." Watu mmesoma kwa kodi zetu halafu mnarudi kutuua njaa.

Msomi wa Uyole
Sijasema Mbarali. Nimesema Wanshan.

Ubaruku Original
Umesema "mkoa wetu huu ni mkoa wa mpunga." Nimesoma vizuri, nilifika darasa la saba.

Kyela Halisi
Ndugu yangu wa Ubaruku, usihangaike. Mchele wenu hata ukiwa na dhahabu ndani, mtu wa Dar ataubeba kwenye gunia lililoandikwa KYELA. Sisi ndio tunaoumia. Mbegu yenu ya SARO 5 inavaa jina letu kuanzia Soweto hadi Tandale.

Ubaruku Original
Haya sasa. Kyela mnavuna magunia mangapi ya kutosha nchi nzima? Bila Mbarali, Kyela ingekuwa harufu tu.

Kyela Halisi
Harufu hiyo hiyo ndiyo mnayoiiba.

Mzee wa Ramani
Vijana, kabla hamjapigana. Fungueni ramani. Maji ya Kyela yanaingia Ziwa Nyasa. Maji ya Usangu, iliko Ubaruku, yanakwenda Ruaha Mkuu, Mtera, mwisho Rufiji. Maji ya machimbo ya Makongolosi, Matundasi na Itumbi yanaelekea Ziwa Rukwa. Mabonde matatu tofauti. Mpunga wa Ubaruku hauwezi kunywa maji ya Itumbi labda mto upande mlima.

Wa kuogopa ni wa upande wa Rukwa, na hakuna hata mmoja wao aliyeandika humu. Rukwa ni ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Kinachoingia hakina pa kwenda. Maji yanaondoka kwa jua, kilichomo kinabaki.

Ubaruku Original
Asante mzee. Msomi umesikia?

Msomi wa Uyole
Nimesikia, na nilichosema kuhusu majaruba kiko pale pale. Kuna majaruba upande wa Rukwa pia.

Kyela Halisi
Mzee wa Ramani umetusaidia kwenye maji, sasa tusaidie kwenye magunia. Serikali iweke alama ya mchele wa Kyela.

Mwana wa Lupa
Jamani, huu uzi ni wa zebaki. Naomba tuurudishe.

Wengi mnasema aliyetia zebaki ndiye aitoe. Mtamkamatia wapi? Rundo moja lina marudio ya watu arobaini, wengine walishahamia Geita. Mwenye vati ana leseni, ana eneo, ana matangi yasiyohama. Ndiye anayeshikika. Ndiyo maana nilimtaja yeye, si kwa sababu namchukia.

Vati la Matundasi
Kwa hiyo kosa langu ni kuwa na leseni. Nikiwa kishoka nahama, niko salama. Hongera, mmetengeneza sheria ya kuwalea vishoka.

Fundi Maabara
Hapo ana hoja, tusimzomee tu. Lakini na yeye kuna kitu hakisemi. Zebaki inayoingia kwenye vati haiishii kwenye tope. Sehemu inapanda kwenye kaboni pamoja na dhahabu, na inakula nafasi ya dhahabu kwenye kaboni hiyo hiyo. Ikifika kwenye elusheni, na baadaye kwenye chungu cha kuyeyushia, inatoka kama moshi. Anayeuvuta ni kijana wako wa chungu, na jirani mwenye dirisha wazi. Kuitoa mapema ni faida yako pia, huwafanyii wengine hisani. Ile kaboni "iliyobeba nusu" uliyolalamikia juu kule, mimi ningepima zebaki kabla ya kumlaumu mwenye elusheni.

Na kuhusu tope, msije mkadhani kuna mahali waliolitoa lote likawa safi. Ghuba ya Minamata yenyewe walichimba tope kuanzia 1977 mpaka 1990, takribani meta za ujazo milioni 1.5, na hawakulisafisha. Walilizungushia ukuta, wakafukia, ikawa ardhi mpya ya hekta 58. Na hao ni Wajapani wenye hela. Unga mweusi wa salfa niliousema nao unataka shimo lenye sakafu isiyovuja, si kuutupa nyuma ya choo. Ndiyo maana mimi nasema pesa ziende mwanzoni: zebaki isiingie karashani, ikae kwenye mchanga mweusi kidogo wa mwisho tu, na kidonge kichomwe kwenye retoti, chombo kilichofungwa kinachopoza mvuke urudi kuwa zebaki. Kidonge kikikamuliwa, karibu nusu ya uzito bado ni zebaki. Ukichoma wazi kwenye kopo, hiyo nusu yote inakwenda kwenye mapafu na mabati. Retoti inairudisha sehemu kubwa, unaitumia tena.

Mgeni wa Mafinga
Hiyo retoti inauzwa wapi?

Fundi Maabara
Fundi wa kuchomelea anayejua kazi anatengeneza kwa mabomba ya chuma. Ila ijaribiwe uvujaji kabla, na isichomewe jikoni.

Mama Itumbi
Retoti tunaijua. Wenye vidonge hawaitaki kwa sababu inachelewesha na dhahabu inatoka na rangi ya kijivu, mnunuzi anapunguza bei. Semeni hilo pia.

Fundi Maabara
Ni kweli, rangi inachafuka. Ikiyeyushwa inarudi njano. Mnunuzi anajua, anatumia ujinga wenu kupunguza.

Mama Itumbi
Ujinga wetu tena.

Fundi Maabara
Haraka yenu. Nisamehe dada.

Vati la Matundasi
Sikilizeni, nitoe yangu. Mimi sitasafisha marudio ya mtu. Ila niko tayari kununua kwa bei mbili. Rundo ambalo halijawahi kuguswa na zebaki karashani, bei ya juu. Lililoguswa, bei ya chini, na hiyo tofauti ndiyo nitakayosafishia maji yangu. Hapo kila mtu analipa chake.

Mwana wa Lupa
Naona mwanga. Lakini nani atapima kwamba rundo ni safi? Wewe mnunuzi?

Vati la Matundasi
Kijana wangu anapima.

Kijiwe cha Mwanjelwa
Yule wa Itumbi ambaye huna?

Mama Itumbi
Hapana, sampuli ichukuliwe mbele ya pande zote mbili, igawanywe, kila mtu abaki na yake, ya tatu ipelekwe maabara isiyo ya mnunuzi. Na bei. Umesema bei ya juu. Ya juu ngapi kwa tani? Andika hapa.

Vati la Matundasi
Dada hayo ni mambo ya kukaa, nitumie namba yako pembeni.

Mama Itumbi
Sitaki pembeni. Andika hapa, hata wa Rukwa waione.

Kyela Halisi
Na ikiandikwa, na sisi ya mchele iandikwe. Kilo ya Kyela halisi isiwe sawa na SARO.

Ubaruku Original
Umeanza tena wewe.